Malkia Wanane Juu ya Ubao: Mwongozo Kamili wa Kuandika Programu Inayojua Kurudi Nyuma

Yapo mafumbo machache ambayo mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta hawezi kuyakwepa, hata akisomea wapi: mnara wa Hanoi, wanafalsafa watano waliokaa mezani wakigombea vijiti vya kulia, mchuuzi anayetafuta njia fupi ya kupita miji yote, na malkia wanane wa sataranji. Mwongozo huu unashughulikia hilo la mwisho peke yake, tangu kulielewa sharti lake mpaka kuwa na programu inayotoa majibu yote na ambayo mwandishi wake anaweza kuthibitisha kwamba haidanganyi. Msomaji anatarajiwa kuwa na ujuzi wa mwanzo tu wa kuandika programu katika lugha yoyote, yaani awe anajua kitanzi, sharti, orodha na fanksheni.

Malkia wa sataranji hushambulia mraba wowote ulio katika safu yake ya mlalo, safu yake ya wima, na mishazari yake miwili, kwa umbali wowote. Swali ni hili: malkia wanane wawekwe vipi juu ya ubao wa miraba 8 kwa 8 ili asiwepo hata mmoja anayemshambulia mwenzake, na je, zipo njia ngapi za kufanya hivyo? Mjerumani Max Bezzel, mchezaji wa sataranji, ndiye aliyelitoa swali hilo mwaka 1848, na mwaka 1850 Franz Nauck alichapisha majibu yote, ambayo ni 92. Mwanahisabati Carl Friedrich Gauss naye alilishughulikia mwaka huohuo katika barua zake. Kwa maneno mengine, fumbo lilimalizwa kwa kalamu karibu karne moja kabla ya kompyuta ya kwanza kuwashwa. Lilipoingia madarasani, hasa baada ya Niklaus Wirth kulitumia mwaka 1971 na Edsger Dijkstra mwaka 1972 kuonyesha jinsi programu inavyojengwa kwa hatua, halikuingia kwa sababu kuna aliyekuwa akingoja jibu.

Nalisema hili mapema kwa sababu wanafunzi wengi hukimbilia namba 92 na kuliacha somo lenyewe. Somo limo katika mstari mmoja tu wa programu, ule unaomwondoa malkia baada ya njia yake kugonga ukuta. Kuweka ni rahisi. Kuondoa, na kuondoa kila alama aliyoiacha, ndiko kunakowashinda watu, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inazunguka hapo.

Hatua ya kwanza: funga kompyuta, chukua ubao wa drafti

Ubao wa drafti unaochezewa vibarazani una miraba 8 kwa 8 sawasawa na wa sataranji, na vizibo vya soda vinatosha kuwa malkia. Usianze na wanane. Funika sehemu ya ubao kwa karatasi ubakiwe na miraba 4 kwa 4, chukua vizibo vinne, kisha fuata kanuni hii bila kutumia akili yoyote ya ziada: weka kizibo kimoja katika kila safu ya mlalo, ukianzia juu, katika kila safu jaribu miraba kutoka kushoto kwenda kulia, ukipata mraba usioshambuliwa, weka na ushuke safu inayofuata, ukimaliza safu bila kupata mraba, panda juu, ondoa kizibo cha mwisho, na ukiendeleze pale kilipoishia.

Mambo yatakwenda hivi. Kizibo cha kwanza kinakaa wima ya 1. Katika safu ya pili, wima ya 1 na ya 2 zinashambuliwa, kwa hiyo kinakaa ya 3. Safu ya tatu haina mahali: wima ya 1 na ya 3 zimezibwa kutoka juu, ya 2 na ya 4 zimezibwa kwa mshazari. Panda, ondoa kizibo cha safu ya pili, kipeleke wima ya 4. Sasa safu ya tatu inakubali wima ya 2, lakini safu ya nne haina mahali popote. Panda tena, ondoa kizibo cha safu ya tatu. Wima za 3 na 4 zilizobaki hazifai, kwa hiyo panda zaidi. Safu ya pili nayo imekwisha miraba. Inabidi kukiondoa hata kile cha kwanza kabisa na kukihamishia wima ya 2. Kuanzia hapo njia inafunguka: wima ya 4, kisha ya 1, kisha ya 3, na vizibo vyote vinne vimekaa kwa amani.

Hesabu ulichofanya: umeweka mara nane na umeondoa mara nne mpaka kufikia jibu la kwanza. Ukiendelea mpaka uwezekano wote uishe utapata jibu jingine moja, nalo ni 3, 1, 4, 2, ambalo ni la kwanza lililotazamwa kwenye kioo. Na jumla ya kuweka itakuwa mara 16, pamoja na kuondoa mara 16. Namba hizo mbili ziandike pembeni, maana zitakuwa shahidi wako baadaye. Mwanafunzi ambaye hajaondoa vizibo kwa mkono wake mwenyewe huniandikia programu ambayo haiondoi kitu. Nimeliona jambo hilo mara nyingi kiasi kwamba siruhusu tena mtu afungue kompyuta kabla ya zoezi hili.

Hatua ya pili: pima ukubwa wa kazi

Mtu akiamua kujaribu kila namna ya kuchagua miraba minane kati ya 64, atakutana na namna 4,426,165,368. Kompyuta inayokagua ubao milioni moja kwa sekunde ingechukua saa moja na zaidi ya dakika kumi. Akitambua kwamba kila safu ya mlalo lazima iwe na malkia mmoja tu, namna zinashuka hadi 8 kwa kipeo cha 8, yaani 16,777,216, ambazo ni sekunde 17 hivi. Akitambua pia kwamba hakuna safu ya wima inayorudiwa, zinabaki 40,320. Na akiacha kujenga ubao mzima kabla ya kuukagua, badala yake akageuka mara tu anapoona njia imefungwa, atawaweka malkia mara 2,056 tu kwa kazi yote.

Tazama vizuri kushuka huko. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa. Hatua mbili za kwanza zimetokana na kulisoma sharti kwa makini, na ya tatu imetokana na wakati wa kukagua. Ubao ambao malkia wake wawili wa kwanza wanashambuliana hauwezi kuokolewa na sita waliobaki, kwa hiyo kuwaweka hao sita ni kazi bure.

Hatua ya tatu: amua namna ya kuuandika ubao

Wanaoanza huchora ubao kama jedwali la miraba 64 lenye sifuri na moja. Linafanya kazi, lakini kila ukaguzi unalazimika kutembea mraba kwa mraba. Kwa kuwa kila safu ya mlalo ina malkia mmoja, orodha moja ya namba nane inatosha: nafasi ya kwanza inataja wima ya malkia wa safu ya kwanza, na kadhalika. Jibu la kwanza ambalo njia yetu italipata huandikwa hivi: 1, 5, 8, 6, 3, 7, 2, 4.

Ugumu upo kwenye mishazari, nao unatatuliwa na jambo dogo la hesabu. Ukitembea kwa mshazari ukishuka kuelekea kushoto, namba ya mlalo inaongezeka kwa moja na ya wima inapungua kwa moja, kwa hiyo jumla yake haibadiliki. Ukishuka kuelekea kulia zote mbili zinaongezeka, kwa hiyo tofauti yake haibadiliki. Malkia aliye mlalo wa 3 na wima ya 5 ana jumla 8 na tofauti −2. Yeyote mwingine mwenye jumla 8 au tofauti −2 yuko kwenye mshazari wake. Katika ubao wa nane, jumla zinaanzia 2 hadi 16 na tofauti zinaanzia −7 hadi 7, yaani mishazari 15 kila upande.

Kwa hiyo tunahitaji orodha tatu za alama: ya wima, ya jumla, na ya tofauti. Mraba unafaa ikiwa alama zake zote tatu ziko wazi, na kulijua hilo kunahitaji kutazama mara tatu tu, hata ubao uwe mkubwa kiasi gani.

Hatua ya nne: andika msimbo kwa Kiswahili kwanza

Kabla ya kuchagua Python, Java au C, andika mpango wako kwa maneno unayoyaelewa. Wangu ni huu, ambamo N ni idadi ya safu za ubao, yaani 8 kwa fumbo letu:

    weka(mlalo):
        ikiwa mlalo > N:
            idadi = idadi + 1
            hifadhi NAKALA ya malkia
            ondoka
        kwa kila wima kuanzia 1 hadi N:
            j = mlalo + wima
            t = mlalo - wima + N
            ikiwa zibaWima[wima], zibaJumla[j] na zibaTofauti[t] zote ni wazi:
                malkia[mlalo] = wima
                ziba zibaWima[wima], zibaJumla[j], zibaTofauti[t]
                weka(mlalo + 1)
                fungua zibaWima[wima], zibaJumla[j], zibaTofauti[t]

    anza: weka(1)

Ukiruhusu nafasi zihesabiwe tangu sifuri, orodha ya wima iwe na nafasi N + 1, na zile mbili za mishazari ziwe na nafasi 2N + 1 kila moja. Nafasi chache zitabaki bila kazi, na hilo si tatizo.

Fanksheni hii inajiita yenyewe, na wengi huogopa hapo. Njia nyepesi ya kuielewa ni kuichukulia kama wafanyakazi wanane waliopangwa ngazini, kila mmoja akiwa na safu yake moja. Mfanyakazi wa safu ya tatu hajui chochote kuhusu safu ya saba. Kazi yake ni kuweka malkia wake mahali panapofaa, kumwambia wa chini yake aendelee, kusubiri, na wa chini akirudi, kumwinua malkia wake na kumjaribu mraba unaofuata. Hamuulizi wa chini kama alifaulu. Kwa kuwa tunatafuta majibu yote, awe amefaulu au ameshindwa, hatua inayofuata ni ileile.

Sasa tazama mistari miwili inayozunguka mwito wa ndani: kuziba juu yake, kufungua chini yake. Ni jozi, na jozi hiyo inapaswa kusomeka kama mlango uliofunguliwa na kufungwa na mtu yuleyule. Ubao ambao mfanyakazi aliukuta alipoitwa ndio ubao anaopaswa kuuacha anapoondoka, hata kama katikati yametokea mambo elfu. Ukiweza kulisema hilo kuhusu fanksheni yako, programu yako iko sawa. Usipoweza, usiiendeshe kwanza.

Msomaji makini atauliza kwa nini hatujafuta malkia[mlalo] vilevile. Sababu ni kwamba nafasi hiyo ni ya safu moja tu, na mfanyakazi wa safu hiyo ataiandika upya kabla ya mtu yeyote kuitumia. Alama za kuziba si hivyo: zinasomwa na safu zote zilizo chini, kwa hiyo alama moja iliyosahaulika inawadanganya wote. Kanuni ya kubeba kutoka hapa kwenda kwenye kazi nyingine ni kwamba kinachoandikwa upya kabla ya kusomwa hakihitaji kufutwa, bali kinachosomwa na wengine lazima kirejeshwe kilivyokuwa.

Hatua ya tano: igeuze iwe lugha halisi, na uijaribu kuanzia chini

Ukishaihamishia katika lugha yako, usianze na N = 8. Anza na N = 1, kisha panda. Majibu sahihi ni haya: kwa 1 ni 1, kwa 2 na 3 hakuna jibu hata moja, kwa 4 ni 2, kwa 5 ni 10, kwa 6 ni 4, kwa 7 ni 40, kwa 8 ni 92, kwa 9 ni 352, kwa 10 ni 724, na kwa 12 ni 14,200. Angalia kwamba ubao wa 6 una majibu machache kuliko wa 5. Mwanafunzi akiona hivyo hudhani amekosea na kuanza kuharibu programu iliyokuwa nzima.

Ongeza pia vihesabio viwili, kimoja kando ya mstari wa kuziba na kingine kando ya mstari wa kufungua. Kwa N = 4 vyote viwili viseme 16, kama ulivyopata kwa vizibo; kwa N = 8 vyote viseme 2,056. Vikitofautiana, kuna malkia aliyewekwa ambaye hakuinuliwa, na umeshajua pa kutafuta. Ukihesabu pia kila mraba uliojaribiwa, ukiwemo uliokataliwa, utaona kwamba jibu la kwanza la ubao wa nane linapatikana baada ya majaribio 876.

Makosa yanayojitokeza mara kwa mara

Kosa la kwanza ni hilo la kusahau kufungua. Dalili yake ni jibu la sifuri kwa N = 4 na kwa N = 8, ingawa N = 1 inatoa 1 na kumpa mwandishi matumaini ya uongo. Namna yake ya hila zaidi ni kufungua orodha mbili na kuisahau ya tatu: hapo programu inakatalia miraba mizuri, na mwandishi huanza kutilia shaka hesabu za mishazari badala ya kutazama mstari wa kufungua.

La pili ni kuhifadhi jibu bila kunakili. Katika Python na Java, ukiiweka orodha ya malkia ndani ya orodha ya majibu, hujaweka namba zake, umeweka anwani yake. Programu inaendelea kuibadilisha orodha ileile, na mwishoni unapata majibu 92 ambayo yote ni ubao mmoja uliorudiwa. Idadi ni sahihi, na ndiyo maana kosa hili hupita bila kuonekana kwa yule anayechapisha idadi tu.

La tatu linanivutia kuliko yote. Mtu akisahau kuongeza N kwenye tofauti, anapata nafasi hasi kama −3. Katika C, anaandika nje ya orodha na kuharibu kumbukumbu isiyo yake. Katika Python, nafasi hasi huhesabiwa kutoka mwisho wa orodha, kwa hiyo ikiwa orodha ina nafasi 15 kamili, tofauti za −7 hadi −1 zinaangukia nafasi ya 8 hadi ya 14, ambazo hazitumiwi na mtu mwingine, na programu inatoa 92 bila kulalamika. Orodha ikiwa na nafasi 8, tofauti ya −1 inagongana na ya 7, na majibu yanaharibika kimyakimya. Programu iliyo sahihi kwa bahati haina budi kusahihishwa kama iliyokosea.

Hatua ya sita: punguza kazi kwa kutumia ulinganifu

Kila jibu likigeuzwa kwenye kioo, kushoto kuwa kulia, linabaki kuwa jibu. Kwa hiyo katika safu ya kwanza inatosha kujaribu wima ya 1 hadi ya 4 na kuzidisha kwa mbili. Ukichapisha idadi ya majibu kwa kila mahali pa kuanzia utaona 4, 8, 16 na 18, jumla 46, na mara mbili yake ni 92. Kwa N isiyogawanyika kwa mbili, wima ya katikati ihesabiwe peke yake, bila kuzidishwa.

Ukizingatia pia kuzungusha ubao, majibu ya msingi ni 12 tu. Kumi na moja kati yake yanazaa manane kila moja, na la kumi na mbili linazaa manne kwa sababu likizungushwa nusu duara linarudi kuwa lilelile: 11 mara 8, jumlisha 4. Kuandika programu inayotambua hayo 12 ni zoezi zuri la wiki nzima, lakini lisitangulie hatua ya tano.

Utakapotaka kwenda mbali zaidi

Anayehitaji jibu moja tu hana haja ya kutafuta, kwa sababu jibu lipo kwa kila N kuanzia 4 na kuendelea, na hujengwa moja kwa moja. Ikiwa N inagawanyika kwa mbili na ikigawanywa kwa 6 haibakizi 2, andika namba shufwa zote kisha witiri zote: kwa 6 ni 2, 4, 6, 1, 3, 5. Nane ikigawanywa kwa 6 inabakiza 2, kwa hiyo witiri zinahitaji kupangwa upya, na 2, 4, 6, 8, 3, 1, 7, 5 inafaa. Mwalimu anayetoa fumbo hili aseme wazi kama anataka jibu moja au yote, maana hizo ni kazi mbili tofauti.

Kuhesabu yote ndiko kunakobaki kugumu. Orodha tatu za alama zinaweza kugeuzwa kuwa namba tatu nzima, kila biti ikisimama badala ya safu au mshazari, na programu ikaongeza kasi sana bila kubadili wazo lake. Hata hivyo idadi ya njia inakua haraka kuliko kasi yoyote. Hesabu ya ubao wa 27 ilikamilishwa mwaka 2016 katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden, Ujerumani, kwa kutumia vifaa vya umeme vilivyopangwa mahususi kwa kazi hiyo, na jibu lake ni 234,907,967,154,122,528. Programu yako ya hatua ya nne, ikiachwa kama ilivyo, itakuletea ubao wa 12 upesi. Pandisha N moja baada ya nyingine, andika muda wa kila moja kwenye daftari, na utajua mwenyewe ni ubao wa ngapi ambao hutausubiri.